Mama na mdogo wangu wana kreatinini sawa, mbona ni mama tu anayeambiwa figo zimepungua nguvu?

SWALI

Mheshimiwa Mshauri,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni binti wa kwanza katika familia yetu, na ndiye ninayemsindikiza mama kila anapokwenda hospitali. Mama ana umri wa miaka 68. Ana kisukari cha ukubwani na shinikizo la damu kwa miaka mingi, na anatumia metformini ya kisukari, enalaprili ya shinikizo la damu na kidonge cha kupunguza maji mwilini. Miezi ya karibuni magoti yamemtesa sana, akawa anameza diklofenaki karibu kila siku, ambayo tulikuwa tukimnunulia wenyewe duka la dawa bila kumweleza daktari wake.

Hivi karibuni aliharisha kwa siku kadhaa, akawa hali vizuri na mdomo umemkauka, tukampeleka kupimwa damu. Kreatinini ilikuwa mikromoli 118 kwa lita, urea milimoli 14, potasiamu 5.4, na chini ya karatasi paliandikwa kwamba uchujaji wa figo unakadiriwa kuwa 43. Daktari alimkataza diklofenaki, akapunguza metformini kwa nusu, akaagiza mkojo upimwe protini, figo zipigwe picha ya altrasaundi na damu ipimwe tena baada ya wiki moja.

Kilichotuvuruga ni kwamba wakati huohuo mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka 30, alipimwa afya kwa ajili ya ajira mpya, naye akarudi na kreatinini hiyohiyo ya 118, isipokuwa uchujaji wake uliandikwa 73. Yeye ni mtu wa kunyanyua vyuma, mwili umejengeka, na hunywa poda ya kreatini kila siku. Daktari wake alimwambia aache poda, arudi kupimwa baada ya wiki kadhaa, na asiwe na hofu kubwa.

Nyumbani tumegawanyika. Wako wanaosema maabara imekosea, wako wanaosema mama anatafutiwa ugonjwa ili alipie vipimo, na baba anaamini kwamba mdogo wangu ndiye anayepuuzwa. Mdogo wangu naye amesoma karatasi iliyomo ndani ya pakiti ya enalaprili, akaona kwamba dawa hiyo inaweza kupandisha kreatinini, na sasa anataka mama aiache mara moja na badala yake anywe maji mengi ili kusafisha figo. Katika jalada la mama nimeona pia majibu ya mwaka jana ambapo kreatinini ilikuwa 84, ingawa sijui kama yana maana yoyote kwa sasa. Tafadhali tusaidie kuelewa tumfuate nani.

Binti mwenye mashaka

JIBU

Dada yangu,

Kwa jinsi ulivyoeleza, madaktari wote wawili wamefanya yanayostahili, na hakuna sababu ya kudhani kwamba maabara imekosea. Ombi langu la kwanza, kabla ya maelezo yoyote, ni kwamba mama asiache enalaprili kwa uamuzi wa nyumbani. Nitalirudia jambo hilo baada ya kueleza kwa nini namba moja imepewa maana mbili.

Misuli ina akiba ya kreatini, na kila siku sehemu ndogo ya akiba hiyo hugeuka kuwa kreatinini, ambayo ni taka inayoingia katika damu na kutolewa na figo kwa njia ya mkojo. Kwa hiyo kiasi kinachokutwa katika damu hutokana na mambo mawili kwa pamoja, yaani kiasi ambacho mwili umezalisha na kiasi ambacho figo zimeweza kutoa. Fikiria nyumba mbili zilizokutwa na rundo la taka lenye ukubwa uleule mlangoni. Moja ina watu kumi na mzoaji taka hupita kila siku, nyingine ina mtu mmoja na mzoaji hapiti ipasavyo, na anayetazama rundo peke yake hawezi kuzitofautisha. Mdogo wako ana misuli mingi inayozalisha kreatinini nyingi, na juu yake anaongeza poda ambayo nayo huishia kuwa kreatinini. Mama yako, mwanamke wa miaka 68 ambaye misuli yake imepungua kama ilivyo kawaida ya umri huo, huzalisha kidogo, hivyo ili damu yake ifikie 118 ni lazima figo ziwe zinatoa taka kwa kasi ndogo zaidi.

Ndiyo sababu maabara nyingi hazimwachi daktari na kreatinini pekee, bali huiingiza katika fomula pamoja na umri na jinsia ya mgonjwa ili kukadiria uchujaji wa figo, kwa mililita kwa dakika, kwa mwili wenye eneo la mita za mraba 1.73. Nimeikokotoa namba ya 118 kwa fomula inayotumika sana sasa, iliyotolewa mwaka 2021, nikapata takribani 43 kwa mwanamke wa miaka 68 na takribani 73 kwa mwanamume wa miaka 30, sawasawa na karatasi zenu. Fomula ya kabla yake, ya mwaka 2009, iliongeza makadirio kwa karibu asilimia 16 kwa kila aliyeandikwa kuwa mtu mweusi, jambo lililoweza kufanya figo zilizodhoofu zionekane nzima kuliko zilivyo, na kipengele hicho kikaondolewa. Ukiona karatasi ya zamani yenye makadirio mawili, moja kwa watu weusi na jingine kwa wengine, usilinganishe makadirio hayo na ya leo. Linganisha kreatinini yenyewe.

Hata hivyo, fomula hiyo inajua umri na jinsia tu. Haijui kwamba mdogo wako ananyanyua vyuma, wala haijui kwamba mtu mwingine amekatwa mguu, amepooza, amekonda kwa utapiamlo au ana ugonjwa mkubwa wa ini. Kwa mwenye misuli mingi kupita kawaida hukadiria uchujaji chini ya ulivyo, na kwa aliyekonda sana hukadiria juu ya ulivyo. Kosa hili la pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi ninaposoma barua za wasomaji, kwa sababu hakuna anayelishtukia. Mzee aliyelala kitandani kwa miezi anaweza kuwa na kreatinini ya 80, ambayo haitawekewa alama yoyote kwenye karatasi, familia ikarudi nyumbani imefurahi, ilhali figo zake zimepoteza sehemu kubwa ya uwezo. Hata kwa mtu wa kawaida figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu zake kabla kreatinini haijavuka kikomo kilichochapwa pembeni mwa majibu. Panapokuwa na shaka ya namna hii, daktari anaweza kuomba kipimo cha sistatini C, protini inayozalishwa na karibu seli zote za mwili na isiyotegemea sana misuli, ingawa nayo huathiriwa na uvutaji wa sigara, unene uliozidi, matatizo ya tezi ya shingo na dawa za steroidi.

Sasa nije kwa mama. Majibu ya mwaka jana umeyataja kwa sentensi moja, lakini kwangu ndiyo yenye uzito kuliko yote uliyoandika. Kreatinini ya 84 kwa umri aliokuwa nao ina maana ya uchujaji wa takribani 66. Kutoka 84 hadi 118 ni ongezeko la asilimia 40, na ongezeko la kiasi hicho haliwezi kuelezwa na kuzeeka kwa mwaka mmoja, kwa kuwa katika watu wengi wenye umri wa makamo na kuendelea uchujaji hupungua kwa takribani mililita moja tu kwa dakika kila mwaka. Kuna kitu kimetokea, na barua yako yenyewe imekitaja bila kukusudia.

Mama aliharisha kwa siku kadhaa huku akiwa hali wala hanywi vizuri. Mwili ukipungukiwa maji, damu inayofika kwenye figo hupungua, na figo hujilinda kwa kutumia njia mbili. Hutanua mishipa midogo inayoingiza damu kwenye vichujio, kwa msaada wa kemikali zinazoitwa prostaglandini, na hubana mishipa inayotoa damu ili msukumo ndani ya kichujio usishuke. Diklofenaki huzuia kutengenezwa kwa prostaglandini, hivyo njia ya kwanza hufungwa. Enalaprili hulegeza mishipa inayotoa damu, hivyo njia ya pili nayo hufungwa. Kidonge cha kupunguza maji kinaendelea kutoa maji ambayo tayari ni pungufu. Kila moja kati ya dawa hizi, kwa mtu mwenye maji ya kutosha na anayefuatiliwa, inaweza kupita bila madhara, lakini zikikutana zote tatu katika mwili wa mtu wa miaka 68 mwenye kisukari anayeharisha, figo hubaki bila kinga. Naamini hicho ndicho kilichomfika mama, ingawa kuthibitisha ni kazi ya daktari wake.

Urea yake inaelekeza upande huohuo. Figo zinapojaribu kubakiza maji hurudisha na urea katika damu, kwa hiyo kwa mtu aliyepungukiwa maji urea hupanda kwa kasi kuliko kreatinini. Lakini nayo haisomwi peke yake, kwani hupanda pia kwa anayekula protini nyingi, anayetumia steroidi au anayevuja damu tumboni, na hushuka kwa mwenye ini lililoharibika. Kwa kuwa diklofenaki inaweza pia kuleta vidonda vya tumbo, mwulize mama bila kumwonea haya kama amepata choo cheusi kama lami, na kama kimetokea daktari aambiwe siku hiyohiyo.

Potasiamu ya 5.4 imezidi kidogo. Inaweza kuwa ya kweli, kwa sababu figo zilizodhoofu na enalaprili zote huifanya ibaki mwilini, na inaweza pia kuwa imepandishwa na sampuli yenyewe, pale seli nyekundu zinapopasuka wakati wa kuchota damu au sampuli inapochelewa kufika maabara. Kuirudia ndiyo njia ya kujua. Kwa sasa mama asitumie chumvi mbadala zinazouzwa kwa ajili ya wenye shinikizo la damu, maana nyingi kati yake zina potasiamu badala ya sodiamu.

Kupunguzwa kwa metformini kumewatisha, nami naelewa, lakini metformini haijaharibu figo. Dawa hiyo hutolewa mwilini na figo, na uchujaji ukishuka chini ya 45 inatakiwa kipimo chake kiangaliwe upya, na chini ya 30 iachwe, ili isirundikane katika damu. Namba ya mama ni 43. Daktari amefuata taratibu.

Kuhusu enalaprili, mdogo wako amesoma kweli ila hakuambiwa yote. Dawa za kundi hilo zinaweza kupandisha kreatinini kidogo zinapoanzishwa, na madaktari hukubali ongezeko la hadi asilimia 30 kwa sababu zinapunguza msukumo unaovichosha vichujio, na hivyo huzilinda figo za wenye kisukari kwa miaka inayokuja, hasa wale wanaopoteza protini kwenye mkojo. Kumwachisha mama kabisa kwa hofu ya leo kunaweza kumgharimu kesho. Kinachofaa ni kumpigia au kumwona daktari na kuuliza swali mahususi: mama akitapika au akiharisha tena, ni vidonge vipi asimamishe kwa muda, na lini aanze tena? Andikeni jibu hilo na kulibandika mahali zinapokaa dawa zake.

Maji mengi hayasafishi figo. Aliyepungukiwa maji arudishiwe maji aliyopoteza, na kwa anayeharisha ni bora zaidi yawe yale yaliyochanganywa chumvi na sukari maalumu za kurudisha maji mwilini. Akishapona anywe kwa kiu yake na kwa kiasi alichoelekezwa. Kumlazimisha mtu mwenye figo zilizodhoofu anywe lita juu ya lita kunaweza kumvimbisha miguu na kumjaza maji mapafuni, zaidi sana kama moyo wake nao una udhaifu. Vivyo hivyo msimpe mitishamba ya kusafisha figo ambayo hamjui kilichomo, kwa sababu baadhi ya mimea, kama ile yenye asidi ya aristoloki, imethibitika kuharibu figo moja kwa moja. Kwa maumivu ya magoti, parasetamoli kwa kipimo sahihi pamoja na mazoezi ya viungo ndiyo mahali pa kuanzia, na diklofenaki isirudi nyumbani kwa jina lingine, maana ibuprofeni, naproksini na ndugu zake hufanya kazi kwa njia ileile.

Kuhusu mdogo wako, baba hajakosea kabisa kuwa na mashaka. Kusema kwamba kreatinini yake inaelezwa na misuli na poda ni dhana nzuri, lakini bado ni dhana mpaka ithibitishwe, na kijana mwenye mwili mzuri anaweza pia kuwa na ugonjwa wa figo. Aache poda kwa wiki nne hadi sita hivi, kwa kuwa akiba iliyomo kwenye misuli hupungua polepole. Siku mbili kabla ya kupimwa asifanye mazoezi mazito, na asile nyama kwa angalau saa 12, maana nyama iliyopikwa hupandisha kreatinini kwa saa kadhaa baada ya kuliwa. Apimwe pia shinikizo la damu, na mkojo wake upimwe albumini, yaani protini ya damu ambayo vichujio vizima haviiachi ipite kwa wingi. Kreatinini ikishuka na mkojo ukawa safi, suala lake limekwisha. Ikibaki ilivyo, aombe sistatini C. Na kama baada ya mazoezi makali mkojo wake utakuwa wa rangi ya kahawia iliyokolea na misuli kuuma kupita kiasi, aende hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa misuli iliyovunjika kwa wingi inaweza kuziba figo.

Wasomaji wengine watakaojiona katika barua hii wafahamu kwamba zipo dawa zinazopandisha kreatinini bila kupunguza uchujaji wenyewe, kwa kuzuia tu njia mojawapo ya kuitoa. Dolutegraviri ya kutibu VVU ni mojawapo, simetidini ya tumbo ni nyingine, na trimethoprimu iliyomo ndani ya kotrimoksazoli, dawa ya kuua bakteria, ni ya tatu, ingawa hii ya mwisho hupandisha pia potasiamu na haifai kuchanganywa na enalaprili bila uangalizi. Kwa mjamzito mambo hugeuka, kwani uchujaji huongezeka sana na kreatinini hushuka, hivyo namba inayoonekana ya kawaida kwa wengine inaweza kuwa juu kwake. Mwanamume mzee anayekojoa kwa shida achunguzwe tezi dume kabla ya kulaumu kitu kingine, kwa sababu mkojo uliozuiliwa huharibu figo zilizokuwa nzima.

Mama aende kwenye kipimo cha marudio ikiwezekana katika maabara ileile, na wewe ubebe pakiti zote za dawa anazotumia, zikiwemo mlizojinunulia, pamoja na karatasi ya mwaka jana. Mweleze daktari habari ya diklofenaki bila kuficha siku wala idadi ya vidonge. Kreatinini ikirudi karibu na 84, tutajua kwamba lilikuwa pigo la muda, na figo zake zitahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi siku zijazo. Uchujaji ukibaki chini ya 60 kwa zaidi ya miezi 3, au mkojo ukawa na albumini ya miligramu 30 au zaidi kwa kila gramu ya kreatinini kwa kipindi hichohicho, ndipo ataambiwa ana ugonjwa sugu wa figo, na hapo pia kuna mengi ya kufanya: kudhibiti shinikizo na sukari, kuendelea na enalaprili, na kumwuliza daktari kuhusu dawa za kundi la dapagliflozini, ambazo zimeonekana kupunguza kasi ya figo kudhoofika. Albumini isipimwe akiwa na homa au maambukizi ya njia ya mkojo, kwa kuwa hali hizo huipandisha kwa muda.

Kabla ya siku hiyo, mama akianza kukojoa kidogo sana, akivimba uso au miguu, akipumua kwa shida, akichanganyikiwa, akilegea misuli au moyo ukimwenda mbio bila mpangilio, msisubiri tarehe ya miadi. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.